Kapteni Banting: Tabibu wa Vitani Aliyewapa Uhai Watoto wa Kisukari

Katika makambi yetu na katika vituo vya polisi majina ya majemadari husomwa na kukumbukwa: nani alishinda wapi, nani alivuka mto gani usiku wa manane. Majina ya matabibu wa vitani hayatajwi sana. Leo tumeona vema kusimulia maisha ya mmoja wao, Frederick Grant Banting wa Kanada, aliyetunukiwa Msalaba wa Kijeshi kwa ushujaa wake katika mapigano ya mwaka 1918, na ambaye miaka minne tu baadaye alikuwa miongoni mwa watu wanne walioutolea ulimwengu dawa ya insulini. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa askari, na alifia kazini akiwa askari. Pili, swali aliloliacha bila jibu, yaani namna ya kuuchelewesha ugonjwa wa kisukari usimalize nguvu za kongosho ya mtoto, ndilo wanalolihangaikia wataalamu wa siku hizi, tena kwa kuzijaribu dawa ambazo zimekaa katika makabati ya hospitali kwa miaka mingi zikitibu maradhi mengine kabisa.

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 katika shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, jimboni Ontario. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye mwenyewe alikua akikamua ng'ombe na kupanda farasi kama watoto wengine wa shambani. Shuleni hakuwa hodari. Tahajia ilimpiga chenga tangu utotoni hadi utu uzima, jambo ambalo tutaliona tena mbele. Alipoingia Chuo Kikuu cha Toronto alianza na masomo ya fasihi, akashindwa, na mwaka 1912 akahamia udaktari.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, Banting alikwenda kujiandikisha jeshini. Akakataliwa kwa sababu ya macho yake mabovu. Oktoba ya mwaka huo huo akarudi, akakataliwa tena. Mwaka 1915 jeshi lilipokuwa na njaa ya matabibu, miwani haikuonekana tena kuwa kizuizi, akapokewa. Masomo ya darasa lake yalifupishwa ili madaktari wapatikane upesi. Akahitimu Desemba 1916, na siku iliyofuata akaripoti kazini akiwa amevaa sare. Alikiri baadaye kwamba elimu aliyotoka nayo chuoni ilikuwa na mapengo mengi. Sisi tuliopitia chuo cha maafisa tunafahamu maana ya kozi kufupishwa, na nani hulipa gharama ya mapengo hayo.

Alihudumu kwanza katika hospitali ya jeshi la Kanada huko Uingereza, chini ya daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa aitwaye Clarence Starr, kisha mwaka 1918 akapelekwa Ufaransa, mstari wa mbele. Tarehe 28 Septemba 1918, katika mapigano ya karibu na mji wa Cambrai, kipande cha kombora kilimchoma mkono wa kulia. Alikuwa na ruhusa kamili ya kuondoka. Hakuondoka. Aliendelea kuwafunga majeraha wenzake kwa saa nyingi huku damu yake mwenyewe ikimtoka, hata alipoamriwa aende nyuma akatibiwe. Jeraha lile nusura limkate mkono; lilimlaza hospitalini Uingereza kwa muda mrefu, na vita ikaisha tarehe 11 Novemba akiwa angali mgonjwa. Msalaba wa Kijeshi alitunukiwa mwaka 1919.

Aliporudi nyumbani alikuwa shujaa mwenye nishani na asiye na kazi ya maana. Alifanya mafunzo ya upasuaji katika Hospitali ya Watoto Wagonjwa mjini Toronto, lakini hakupata nafasi ya kudumu. Julai 1920 alifungua chumba chake cha utabibu katika mji wa London, ule wa Ontario, si ule wa Uingereza. Akakaa akingoja wagonjwa. Mwezi wa kwanza mzima alipata dola 4 tu. Mchumba wake alianza kuchoka kungoja. Ili apate chochote, akakubali kufundisha kwa saa chache katika chuo kikuu cha mji ule.

Hapa hatuna budi kumweka Banting kando kidogo tueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa bila hivyo yanayofuata hayataeleweka.

Nyuma ya tumbo la chakula iko nyama laini iitwayo kongosho. Kazi yake ni mbili. Hutoa maji makali ya kusaga chakula, ambayo hupita katika mirija kuingia utumbo. Na ndani yake mna vijisehemu vidogo sana, vilivyogunduliwa na kijana wa Kijerumani aitwaye Paul Langerhans mwaka 1869, ambavyo hutoa insulini moja kwa moja katika damu. Insulini ndiyo inayoiruhusu sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli ikawe nguvu. Isipokuwapo, sukari hujaa katika damu, hufurika katika mkojo na kwenda na maji mengi ya mwili. Mgonjwa hula na bado hufa njaa. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimwondolea mbwa kongosho, na mbwa akapata kisukari. Tangu siku hiyo chanzo kikajulikana, ila dawa haikujulikana.

Kwa mtoto ugonjwa huu huja kwa ghafla. Hunywa maji bila kukata kiu, hukojoa mara kwa mara, huanza tena kukojoa kitandani ijapokuwa alikwisha acha, hukonda katika majuma machache, kisha hutapika, huhema kwa kasi na kuzimia. Katika nchi zetu zenye malaria ni rahisi mno mtoto wa namna hii kupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, naye akafa kabla mtu hajampima mkojo wala tone la damu. Askari polisi aliye zamu usiku, akiletewa mtoto aliyezimia na mama anasema amekuwa akinywa maji kama samaki kwa wiki mbili, yampasa alitamke jambo hilo mbele ya mganga atakayempokea mtoto. Ni maneno machache yenye uzito mkubwa.

Katika siku za Banting hata mganga aliyeutambua ugonjwa hakuwa na la kufanya. Tiba iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile ya Daktari Frederick Allen wa Marekani, nayo ilikuwa njaa. Mtoto alipimiwa chakula kidogo mno ili sukari isipande, na kwa njia hiyo aliongezewa miezi, pengine mwaka au zaidi, akiwa mifupa mitupu kitandani. Wazazi walichagua kati ya mtoto kufa upesi kwa sukari na mtoto kufa polepole kwa njaa. Tunadhani ni vigumu kwa mtu wa leo kuipima sawasawa hali ile.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920, Banting alikuwa akiandaa somo kuhusu jinsi mwili unavyotumia sukari, somo ambalo yeye mwenyewe hakulijua vizuri. Kabla ya kulala alisoma makala ya Moses Barron juu ya jiwe lililoziba mrija wa kongosho. Usingizi ukamkataa. Mnamo saa nane za usiku akaamka, akaandika katika daftari lake maneno machache tu: afunge mirija ya kongosho ya mbwa, angoje sehemu inayotoa maji makali ife, kisha achukue kilichobaki ajaribu kukitumia kama dawa. Neno la kisukari lenyewe alilikosea herufi.

Wazo hilo alilipeleka Toronto kwa Profesa John Macleod, Mskoti aliyekuwa bingwa wa mambo ya sukari mwilini. Macleod hakuvutiwa sana. Mgeni wake alikuwa daktari wa upasuaji asiyejua maandishi ya waliomtangulia. Na kweli waliomtangulia walikuwa wengi. Georg Zuelzer wa Berlin alikwisha wachoma wagonjwa dawa ya kongosho mwaka 1908, ikawasaidia kisha ikawadhuru kwa uchafu uliokuwamo. Nicolae Paulescu wa Rumania alikuwa akifanya majaribio yaliyokaribia sana yale ya Banting, na mwaka 1921 aliyachapisha. Hata hivyo Macleod alimpa mgeni wake chumba, mbwa 10 na kijana mmoja wa kumsaidia, Charles Best, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Kazi ikaanza tarehe 17 Mei 1921. Banting hakuwa na mshahara.

Kiangazi kile kilikuwa cha joto kali, na chumba chao kilinuka. Mbwa wengi walikufa, wengine kwa upasuaji mbaya, wengine kwa vidonda kuoza. Macleod alikuwa amekwenda kwao Uskoti kwa mapumziko. Tarehe 30 Julai walimchoma mbwa mwenye kisukari dawa yao ya kwanza, na sukari katika damu yake ikashuka. Mbwa akafa upesi, lakini wao walikuwa wamekwisha kuona walichokitaka. Mwishoni mwa mwaka mbwa mwingine waliyemwita Marjorie aliishi siku 70 bila kongosho, kwa sindano zao. Ndipo pia walipogundua kwamba kufunga mirija, lile wazo la usiku wa manane, hakukuwa na lazima: kongosho ya ng'ombe kutoka machinjioni ikilowekwa katika pombe kali hutoa dawa ile ile. Banting alifika mahali sahihi kwa njia isiyokuwa sahihi, nasi hatuoni aibu yoyote kwake katika hilo.

Macleod aliporudi waligombana. Banting alikuwa mwepesi wa hasira na mwenye kushuku, tena jeraha la kukataliwa lilikuwa limemkaa moyoni; kila swali la profesa aliliona kuwa tusi. Desemba akaongezwa mtu wa nne, James Collip, mwanakemia hodari, ili aisafishe dawa.

Dawa ya kwanza ya kumezwa ilijaribiwa tarehe 20 Desemba 1921 juu ya Joe Gilchrist, daktari aliyesoma na Banting na aliyekuwa mgonjwa wa kisukari. Haikufanya lolote. Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto, dawa ya Banting na Best ikachomwa kwa mara ya kwanza katika mwili wa mtoto. Jina lake Leonard Thompson, umri wake miaka 14, uzito wake kilo zipatazo 29. Baba yake alikuwa amekubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakavimba usaha. Wakaacha.

Tusiipite siku hiyo upesi. Banting na Best walikuwa na haraka kwa sababu walimwogopa Collip asiwatangulie, na dawa yao haikuwa safi. Leo jaribio la namna ile lisingepata kibali. Siku 12 zilipita. Collip alikesha akitafuta kipimo cha pombe ambacho kingeangusha uchafu na kubakiza dawa, na usiku mmoja akakipata. Alipowaambia wenzake kwamba ameipata njia na kwamba hataki kuwafunulia, Banting alimkamata. Yasemekana walipigana chumbani mle, na Best akawaamua. Tarehe 23 Januari Leonard akachomwa dawa ya Collip. Safari hii sukari katika damu yake ilianguka hata ikakaribia ile ya mtu mzima wa afya, mkojo ukasafika, na kijana akaanza kupata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi, akafa kwa homa ya mapafu mwaka 1935.

Dawa ikapewa jina la insulini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa ajili ya vile visiwa vidogo vya Langerhans. Lakini Collip alipojaribu kuitengeneza kwa wingi, njia yake ikamponyoka, na kwa miezi kadhaa ya mwaka 1922 haikuwepo dawa ya kutosha. Banting aligawiwa chupa chache, na barua za wazazi zilikuwa zikimjia kwa mamia. Kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis ikaitwa kusaidia, na kabla ya mwaka kwisha dawa ilianza kupatikana kwa wingi.

Katika miezi hiyo ya uhaba Banting alipewa wodi katika hospitali ya askari wastaafu iliyokuwa katika barabara ya Christie, mjini Toronto. Wasomaji wetu walishike jambo hili: miongoni mwa watu wa kwanza duniani kutibiwa kwa insulini walikuwa askari waliotoka katika mahandaki ya Ufaransa. Rafiki yake Gilchrist ndiye aliyewaangalia, na kila dawa mpya ilipofika alijichoma yeye kwanza ili aone ukali wake kabla hajawachoma wengine. Watoto nao waliletwa. Agosti 1922 akaja Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliyekuwa akitimiza miaka 15 na uzito wa kilo 20 hivi. Alirejea kwao akiwa msichana kamili, akasoma, akaolewa, akazaa, na alifariki mwaka 1981.

Januari 1923 Banting, Best na Collip waliuza haki zao zote katika ugunduzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola 1. Walitaka mtu yeyote asije akaimiliki dawa hiyo peke yake. Oktoba mwaka huo Tuzo ya Nobel ikatolewa kwa Banting na Macleod. Banting, aliyekuwa na miaka 31, alikasirika kuona jina la Macleod pembeni mwa lake huku la Best halimo. Akamgawia Best nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Sisi tunaona kwamba historia imewatendea haki wote wanne kuliko walivyotendeana wenyewe. Macleod ndiye aliyeifanya kazi ile iwe ya kisayansi, na bila Collip mtoto Leonard angekufa Februari.

Miaka iliyofuata haikumletea Banting ugunduzi mwingine wa kulingana na ule. Bunge la Kanada lilimpa malipo ya dola 7,500 kila mwaka, akafunguliwa taasisi yenye jina lake, na mwaka 1934 Mfalme wa Uingereza akampa daraja la Sir. Yeye mwenyewe alipendelea kuchora picha. Mwaka 1927 alikwenda na mchoraji A. Y. Jackson hadi visiwa vya barafu vya kaskazini, akachora theluji kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Ya pili alifunga mwaka 1937.

Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Banting alivaa tena sare, sasa akiwa Meja. Angeweza kukaa katika kiti cha heshima. Badala yake aliongoza utafiti wa afya ya marubani, na katika kundi lake Wilbur Franks alibuni vazi la kumkinga rubani asizimie ndege inapopinda kwa kasi. Alijipaka gesi ya haradali mguuni ili ajaribu dawa ya kuitibu, akaungua vibaya. Wala hatutaficha kwamba aliihimiza serikali yake ifanye utafiti wa silaha za vijidudu, kwa hofu kwamba adui angezitumia kwanza. Mtu aliyewaokoa watoto wengi kiasi kile aliweza kuliwaza hilo pia.

Usiku wa tarehe 20 Februari 1941 aliondoka Gander, Newfoundland, kwa ndege ya kivita aina ya Hudson akielekea Uingereza kwa shughuli za utafiti huo. Injini zikaharibika. Rubani Joseph Mackey akageuza ndege, ikaangukia miti karibu na Musgrave Harbour. Wenzake wawili ndegeni walikufa papo hapo. Banting alikufa siku iliyofuata, tarehe 21, katika theluji, rubani akiwa amekwenda kutafuta msaada. Alikuwa na umri wa miaka 49. Alizikwa Toronto kwa heshima za kijeshi. Siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 14 Novemba, tangu mwaka 1991 ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Insulini haiponyi. Banting alilifahamu hilo. Humbeba mgonjwa kwa siku moja, na kesho yake abebwe tena. Mnamo mwaka 1974 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba katika damu ya wagonjwa wa aina ya kwanza mna askari waliogeuka: kinga ya mwili yenyewe huvishambulia vile visiwa vya kongosho kana kwamba ni adui. Lakini mashambulizi hayo hayamalizi kazi kwa siku moja. Mtoto anapogunduliwa kuwa mgonjwa, mara nyingi bado ana visiwa vichache vinavyofanya kazi, na hivyo vichache vikilindwa, sukari yake hutulia kwa urahisi zaidi na hatari ya kuzimia hupungua. Ndipo likazaliwa wazo la kutazama dawa zilizokwisha kuwapo. Dawa mpya huchukua miaka mingi na fedha nyingi hata ijulikane kama ina madhara. Dawa ya zamani madhara yake yamekwisha kuandikwa.

Miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo kwa mapana walikuwa Wafaransa, katika miaka ya 1980. Walichukua siklosporini, dawa wanayopewa waliopandikizwa figo, wakawapa watu waliokuwa wameanza kuugua kisukari, watoto wakiwemo. Baadhi yao waliacha sindano kabisa kwa muda. Furaha ikawa kubwa, ikapungua: dawa iliweza kudhuru figo, na ilipoachwa ugonjwa ulirudi. Kisha ikajaribiwa vitamini ya kundi B iitwayo nikotinamidi kwa jamaa wa wagonjwa, na mwaka 2004 ikathibitika kuwa haikufaa kitu.

Majaribio ya siku hizi hayafanani na yale ya Januari 1922. Watoto hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu; kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kidonge kisicho na dawa, na wala mtoto wala daktari wake hajui nani amepewa nini mpaka mwisho. Kwa njia hiyo, mwaka 2023 zilitangazwa habari za verapamili, dawa ya shinikizo la damu ya bei nafuu ambayo waganga wetu wanaijua sana. Huko Marekani watoto na vijana 88, wa miaka 7 hadi 17, walijaribiwa. Baada ya mwaka mmoja waliokunywa verapamili kongosho zao zilitoa insulini zaidi kwa asilimia 30 kuliko za wenzao. Watu 88 si wengi, na verapamili hupunguza mapigo ya moyo. Mzazi asimnunulie mtoto dukani kwa kuwa amesoma habari hii. Huko Australia mwaka huo huo baricitinibu, dawa ya ugonjwa wa viungo, ilionyesha nayo nguvu ya kulinda visiwa. Mwaka 2025 watafiti wa Ulaya walitangaza kwamba dawa nyingine ya wapandikizwa figo, itokanayo na damu ya sungura, iliwafaa vijana na watoto kuanzia miaka 5 hata kwa kipimo kidogo sana.

Moja imekwisha vuka kutoka jaribio hadi soko: teplizumabu, yenye asili katika dawa nyingine ya figo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2019 iliuchelewesha ugonjwa kwa muda wa miaka miwili hivi kwa watu ambao damu yao ilikuwa imekwisha toa dalili, na Novemba 2022 Marekani ikairuhusu kwa wenye miaka 8 na zaidi. Bei iliyotangazwa kwa mgonjwa mmoja ilikuwa dola zinazokaribia 194,000. Tumeitaja dola 1 ya Banting, hatuna haja ya kuitaja tena.

Sasa, je, mtoto wa Buyenzi au wa Ngozi atafaidika? Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uganda, Kamerun na Afrika Kusini juu ya watu waliopata kisukari cha namna hii wakiwa vijana au watoto. Asilimia 65 hivi hawakuwa na zile alama za kinga ya mwili kugeuka adui. Kwao kongosho imechoka kwa sababu nyingine, ambayo bado inatafutwa. Ikiwa ndivyo, dawa ya kutuliza kinga haina cha kutuliza kwa wengi wao, na majaribio yaliyofanywa Ulaya na Marekani hayawezi kusomwa hapa kwetu kama amri ya siku. Ni lazima yafanywe huku, kwa damu ya huku.

Hadi hapo, dawa yao ni ile ya Toronto, nayo ina adui wake hapa, yaani joto. Maelekezo ya watengenezaji hutaka iwekwe katika jokofu, na nyumba zisizo na jokofu ni nyingi. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini-mashariki mwa Kenya, wagonjwa walilazimika kwenda hospitalini kila siku kuchomwa sindano kwa sababu hiyo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva likapima joto la ndani ya nyumba zile, likaona linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha maabara ikaiweka insulini katika joto lile lile kwa majuma manne. Mwaka 2021 walitangaza kwamba nguvu ya dawa haikupungua kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa, na kwamba chupa iliyofunguliwa yaweza kukaa nyumbani kwake majuma hayo manne.